Kusahihisha, Kufuta na Kuondoa: Istilahi za Jina la Mtu katika Matokeo ya Utafutaji

Siku hizi mtu anapoomba kazi, anapotaka kupanga nyumba au anapoposa, aghalabu jina lake huandikwa kwanza katika injini ya utafutaji ya intaneti kabla yeye mwenyewe hajaitwa kujieleza. Orodha inayotokea humtangulia mlangoni. Akiona kwamba orodha hiyo imebeba habari ya uongo, au habari ya kweli iliyokwisha kuchakaa, hushika kalamu na kuomba "ifutwe". Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno hilo moja hufunika vitendo vitatu vilivyo mbalimbali, na kwamba mfasiri au mtumishi asiyevitenga humwelekeza mwananchi kwenye mlango usio wake.

1. Jinsi jina linavyopatikana

Injini ya utafutaji haiziandiki habari inazozionyesha. Programu zake huzitembelea kurasa za intaneti, huyasoma maneno yaliyomo na kuyatia katika faharasa kubwa. Mtu anapoandika jina, injini haiendi kuzizungukia kurasa upya; huifungua faharasa yake, huchagua kurasa zenye jina hilo, na kuzipanga kwa kadiri inavyozihesabu kuwa zafaa. Orodha hiyo ndiyo tunayoiita matokeo ya utafutaji, na kila tokeo lina kiungo cha kumfikisha msomaji kwenye ukurasa wenyewe.

Mfano wa kitabu watosha kulifafanua jambo hili. Jina likiondolewa katika faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu, ukurasa haukuchanwa. Anayekisoma kitabu atalikuta jina palepale lilipokuwa. Kadhalika ukurasa ukichanwa na faharasa isisahihishwe, jina litaendelea kuonekana katika orodha ingawa halimfikishi mtu popote.

2. Kesi ya Hispania

Tofauti hiyo ilipata uzito wa kisheria katika kesi iliyoanzia Hispania. Mnamo Januari na Machi 1998 gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilichapa matangazo mawili ya mnada wa mali isiyohamishika, ili kulipiza deni la hifadhi ya jamii. Yalichapwa kwa agizo la wizara, kusudi wanunuzi wajitokeze. Kurasa za zamani za gazeti hilo zilipokwisha kuingizwa katika intaneti, kila aliyelitafuta jina la mdaiwa kwa Google alikutana na mnada huo, hali shauri lenyewe lilikuwa limekwisha miaka mingi nyuma. Mwaka 2010 mwenye jina alipeleka malalamiko kwa mamlaka ya nchi yake inayolinda taarifa za watu. Jina lake hatulitaji hapa, kwa kuwa ndilo aliloomba lipumzishwe.

Mamlaka ilikataa kuliamuru gazeti liondoe matangazo, kwa hoja kwamba lilikuwa limeyachapa kwa mujibu wa sheria. Lakini iliyakubali malalamiko dhidi ya Google. Shauri lilifika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa hukumu tarehe 13 Mei 2014. Mahakama iliamua kwamba mwenye injini ana wajibu wake mwenyewe, mbali na ule wa mchapishaji. Na kwamba aweza kutakiwa kuviondoa viungo katika orodha inayotokea jina la mtu litafutwapo, hata ikiwa habari ilichapwa kihalali, endapo kwa kupita kwa wakati haitoshelezi tena, haihusiki tena au imezidi kiasi. Mwombaji halazimiki kuthibitisha kwamba amedhurika. Walakini haki hiyo hushindwa pale umma unapokuwa na haja kubwa ya kujua, kwa mfano kwa sababu ya nafasi ya mtu huyo katika maisha ya hadhara.

3. Vitendo vitatu

Kutokana na hayo twapendekeza vitendo hivi vitengwe:

(a) Kusahihisha. Habari ina kosa, nayo hubadilishwa ili iwe kweli. Anayeombwa ni mwenye ukurasa.

(b) Kufuta. Habari huondoshwa mahali ilipohifadhiwa, isiwepo tena. Hapa pia anayeombwa ni yule aliyeihifadhi.

(c) Kuondoa katika matokeo. Habari hubaki ilipo. Kinachokatwa ni kiungo kinachotokea kwa kulitafuta jina la mtu. Anayeombwa ni mwenye injini. Tendo hili lina mipaka: anayetafuta kwa maneno mengine, kama vile "mnada" pamoja na jina la mji, aweza bado kuukuta ukurasa uleule.

Tafsiri inayosema kwamba mahakama iliamuru habari "zifutwe" imemdanganya msomaji mara mbili. Imempa mwombaji tumaini kwamba kumbukumbu imetoweka, na imemtia hofu mwandishi wa habari au mtunza nyaraka kwamba makabati yake yatafagiliwa.

4. Je, ni haki ya kusahauliwa?

Katika mazungumzo ya watu wengi jambo hili huitwa haki ya kusahauliwa. Baadhi ya wafasiri huandika "kusahaulika". Kauli hizi mbili hazilingani. Kusahaulika ni hali inayotokea yenyewe, pasipo mtendaji. Kusahauliwa kunamtaka mtendaji. Kwa kuwa sheria humtwika mtu fulani wajibu, kauli ya kutendwa ndiyo ifaayo. Hata hivyo, neno lenyewe limezidi maana, kwani hakuna sheria iwezayo kumwamuru mtu asahau. Afadhali litumike kama jina la mkato tu, na katika hati za kisheria kitajwe kitendo halisi.

Mtu aweza pia kupendekeza "haki ya kusitiriwa". Neno hili ni zuri na lina asili katika adabu zetu, kwa maana sitara hufunika bila kuangamiza. Lakini sitara hudokeza kwamba pana aibu ya kufunikwa, ilhali tumeona kwamba mwombaji hahitaji kuonyesha madhara wala fedheha. Inatosha kwamba habari imepitwa na wakati. Kwa hiyo hatuliungi mkono.

5. Matumizi katika sheria

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, hutaja kufuta katika kichwa cha ibara ya 17, na kusahauliwa kumewekwa katika mabano tu. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mfasiri wa sheria hizi na afuate kitendo kilichotajwa katika kifungu. Pasemwapo kusahihisha au kufuta, asiingize kusahauliwa kwa kuwa tu neno hilo lina mvuto.

6. Faida kwa mwenye jina

Istilahi zikitengwa, njia nayo hunyooka. Mwenye jina aanze kwa kulitafuta jina lake kamili likiwa ndani ya alama za mtajo, na kwa kila tahajia anayoandikiwa: Mohamed, Mohammed na Muhammad hazitoi orodha moja. Kisha aulize: habari hii yanihusu mimi, au yamhusu somo wangu? Wenye kushiriki jina ni wengi, na injini haiwezi kila mara kuwatenga. Ikiwa ni ya somo wake, hakuna cha kufutwa; dawa ni kujipambanua, kwa kuliandika jina lake daima kwa namna moja, pamoja na kazi au mji wake. Ikiwa yamhusu yeye na ina kosa, amwandikie mwenye ukurasa. Ikiwa ukurasa umekwisha kusahihishwa lakini orodha yaonyesha maneno ya kale, amwombe mwenye injini aipitie upya faharasa. Na ikiwa habari ni ya kweli, halali na yenye manufaa kwa umma, ajue kwamba huenda ikabaki. Hapo lililo katika uwezo wake ni kuandika habari zake za sasa mahali panapoonekana, ili la kale lisisimame peke yake.

Walimu na watumishi wanaoandika fomu na maelekezo kwa wananchi waombwa kuzijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na kutuletea maoni. Fomu yenye neno "kufuta" pekee haimwambii mwombaji barua yake aipeleke kwa nani. Yenye maneno matatu humwambia.