Namba za zahanati ya kijiji chenu zinaendeshwa na programu ya nani?

Msikilizaji wetu mmoja wa Mkuranga alituuliza hewani swali ambalo tulilijibu juu juu, maana muda ulitubana. Alisema kila akimpeleka mtoto zahanati, muuguzi anaandika kwenye daftari kubwa, na mwisho wa mwezi anamkuta amekaa na madaftari hayo hadi jioni, anahesabu. Hizo hesabu zinakwenda wapi, na nani ana mamlaka juu ya mtambo unaozipokea? Hapa tunalijibu kwa kirefu.

Daftari hilo ni la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, na vingine vinafuata. Mwisho wa mwezi mhudumu anapitia mstari kwa mstari, anajumlisha, anajaza fomu. Kituo chenye kompyuta na mtandao kinaingiza chenyewe. Kisicho navyo kinapeleka fomu halmashauri, wakati mwingine kwa bodaboda, na mtu wa takwimu huko ndiye anayeziingiza.

Zinaingia kwenye programu inayoitwa DHIS2, ambayo hadi kufikia 2013 ilikuwa imesambazwa katika wilaya za Tanzania Bara. Mganga Mkuu wa Wilaya akiifungua anaona malaria imepanda kijiji gani, chanjo zimeshuka wapi, na kituo kipi hakijaleta taarifa.

DHIS2 ni programu huria. Neno hili linachanganya watu, kwa hiyo tuchukue mfano wa pampu ya maji.

Kijiji kinanunua pampu. Muuzaji mmoja anafunga injini kwa kufuli, anasema fundi ni wake peke yake, spea ni zake, na kila mwaka mnamlipa ndipo iendelee kuvuta maji. Mwingine anawapa pampu pamoja na michoro yake yote. Fundi wenu akiweza, aifungue, aitengeneze, hata aongeze bomba la pili, na kijiji jirani kiruhusiwe kunakili. Programu huria ni pampu ya pili. Maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ifanye nini yako wazi, na leseni inaruhusu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuyatumia.

Ya kufuli tunaijua. Hapa studioni Kurasini tuliwahi kufika asubuhi, malori ya bandarini yanapiga honi nje, programu ya kupanga matangazo imejifunga kwa sababu leseni imeisha. Aliyetuuzia hakupokea simu hadi mchana. Siku ile tulipiga muziki kutoka kwenye simu ya fundi mitambo. Sasa tunahariri sauti kwa Audacity, ambayo ni huria.

Chimbuko la DHIS ni Afrika Kusini mwaka 1994, wakati ubaguzi wa rangi unaanguka na nchi inataka kuunganisha idara za afya zilizokuwa zimetenganishwa kwa rangi. Toleo la kwanza lilitolewa bure, lakini lilijengwa juu ya Microsoft Access, kwa hiyo bado ulihitaji programu za Microsoft ili ulitumie. Bure yenye kamba mguuni! Toleo la pili, linaloratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lilivunja kamba hiyo: linafunguliwa kwenye kivinjari cha kawaida cha intaneti. Mwaka 2006 lilianza Kerala, India. Kenya ikaliweka nchi nzima mwaka 2011. Kwetu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walioliweka, na wamelirekebisha lifuate fomu zetu za MTUHA.

Faida yake ilionekana wakati wa Uviko-19. Mapema mwaka 2020 wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza ndani ya DHIS2 sehemu ya kufuatilia wasafiri na wagonjwa. Kwa kuwa ni huria, nchi nyingine zilichukua kazi hiyo na kuitumia, bila kuanza upya na bila kumwomba mfanyabiashara bei.

Lakini tusidanganyane kwamba bure maana yake hakuna gharama. Seva inataka umeme, mhudumu anataka bando na mafunzo, na mtaalamu anayerekebisha hitilafu usiku anataka mshahara. Sehemu kubwa ya fedha hizo barani kwetu imetoka kwa wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari 2025, mifumo mingi ya taarifa za afya ilitikisika. Uhuria unasaidia hapo kwa jambo moja: hakuna anayeweza kuja kuing'oa programu. Haulipi umeme.

Makampuni makubwa nayo yako humo humo. IBM ilinunua kampuni ya programu huria ya Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, na simu yako ya Android imejengwa juu ya Linux, ambayo ni huria. Wapo wanaogeuka pia. Mwaka 2023 kampuni ya HashiCorp ilibadili leseni ya programu yake ya Terraform ili kuwabana washindani, na watumiaji wakachukua toleo la zamani, wakaliendeleza kwa jina la OpenTofu. Hawakuvunja sheria yoyote, maana leseni ya mwanzo iliwaruhusu.

Msikilizaji mwingine aliuliza: kama programu iko wazi, je, ugonjwa wangu uko wazi? Hapana. Kilicho wazi ni michoro ya pampu, siyo maji ya nyumbani kwako. Taarifa zinakaa kwenye seva za serikali, anayeingia ana namba ya siri, na fomu ya mwezi inabeba jumla tu: watoto wangapi, siyo mtoto wa nani. Zaidi ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Jumla hizo ni haki ya kijiji kuzijua. Kwenye mkutano ujao, mwulize mjumbe wa kamati ya zahanati: fomu ya mwezi uliopita ilifika halmashauri, na ilisema tulikuwa na wagonjwa wangapi wa malaria?