Ngozi Iliyochubuliwa Isikimbizwe Kwenye Poda

Alizeti ikishavunwa, harusi za Singida hufuatana. Kati ya Juni na Agosti mvua hakuna, usiku ni baridi, na upepo mkavu hupasua midomo tangu asubuhi. Miezi hiyohiyo bibi harusi hutaka uso ung'ae kabla ya sendofu. Mmoja anamenywa ngozi ya juu kwa asidi, yaani piling; mwingine anapitishiwa rola ya vijisindano; mwenye uwezo anasafiri kwenda mji mkubwa kufanyiwa leza. Siku mbili baadaye mpambaji anaanza kupaka faundesheni juu ya ngozi ambayo, kitabibu, bado ni kidonda.

Tabaka la juu kabisa la ngozi huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Asidi, sindano na leza hulivunja kwa makusudi ili ngozi ijijenge upya. Kipodozi kikipakwa mapema, rangi, manukato na vihifadhi vyake hupenya mahali ambapo havikukusudiwa kufika. Mwaka 2014 jarida la JAMA Dermatology lilieleza habari za wanawake walioota vinundu usoni baada ya kupakwa vipodozi vya kawaida wakati wa kutobolewa kwa vijisindano. Kimojawapo kilikuwa seramu ya vitamini C. Kinachovumilika juu ya ngozi nzima kinaweza kuleta madhara kikiingia ndani yake.

Asubiri muda gani, basi? Baada ya rola ya vijisindano, angalau saa 24, na 48 ni salama zaidi. Baada ya piling nyepesi, mpaka ngozi iache kubambuka, mara nyingi siku 3 hadi 7. Piling ya kina zaidi, au leza inayoondoa tabaka la juu, huhitaji wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, na anayetoa ruhusa ni mtaalamu aliyeifanya. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Dalili ni eneo kuwa jeusi kuliko kawaida, lenye joto, lililovimba kidogo. Kama uso unachonyota kwa maji safi tu, poda isubiri. Ngozi hujifanya upya kwa takriban wiki nne, kwa hiyo anayeoa au kuolewa afanyiwe huduma hizi mwezi mmoja au zaidi kabla ya sherehe.

Jua nalo ni adui mkubwa. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 huongeza mionzi ya UV ya jua kwa karibu asilimia 10. Ngozi nyeusi iliyojeruhiwa ikipigwa na mionzi hiyo huacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi kadhaa. Mtu aliyelipia kuondoa madoa huishia kuongeza mengine. Mabaka hayo huchochewa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao losheni nyingi nyeupe za kuzuia jua hazikingi vya kutosha. Zenye rangi ya kahawia, iliyotokana na oksidi ya chuma, hukinga vizuri zaidi. Losheni ya aina hiyo ndiyo iwe ya kwanza kurudi usoni, kabla ya poda, pamoja na kofia pana au mtandio.

Vifaa navyo vina lao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta bakteria katika sehemu kubwa mno ya vipodozi vilivyokwisha kutumika, na sponji nyingi hazikuwahi kuoshwa hata mara moja. Sponji iliyopita kwenye nyuso za wasimamizi wote wa harusi isimguse aliyetoka kumenywa ngozi.

Na mafuta ya alizeti, fahari ya mkoa? Tafiti zimeonyesha kuwa hayaidhoofishi ngozi kama mafuta ya zeituni yanavyofanya. Hata hivyo, mafuta ya mashineni yanayouzwa kwenye chupa zilizotumika si tiba ya ngozi mbichi.

Jambo zito zaidi ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kuchubua ngozi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Bado wapo wanaovichanganya kwa siri na kuviita tiba ya uso, kisha faundesheni nzito hufunika michubuko. Saluni isiyotaka kutaja inachopaka haistahili kugusa uso wa mtu.

Usaha, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au malengelenge kuzunguka mdomo si mambo ya kuficha kwa poda. Mwenye dalili hizo anawe uso kwa maji safi, aache vipodozi vyote, na aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kopo la kile alichopakwa.