Makande ya Asubuhi

Katika nyumba nyingi za Moshi makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, hupikwa jioni, na sufuria huinjikwa kubwa kwa makusudi, kwa kuwa kiporo ndicho kifungua kinywa cha kesho. Asubuhi hutiwa maji kidogo, yakachemka, yakapakuliwa bakulini na kuwekewa vipande vya parachichi juu. Kando pakiwa na mnafu uliokaangwa kwa kitunguu na nyanya, mlo umekamilika bila nyama wala maziwa.

Chakula hiki kinastahili heshima kubwa kuliko kinayopewa. Andazi la unga mweupe na chai yenye sukari humeng'enywa upesi, njaa ikarudi mapema. Makande hukaa tumboni kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini. Tena mahindi na maharage hufidiana: protini ya mahindi ina uhaba wa laisini, ambayo maharage yanayo tele, methionini iliyo kidogo kwenye maharage hupatikana kwenye mahindi.

Mlima Kilimanjaro wenyewe unalisha bakuli hilo. Kwenye vihamba, mashamba ya mseto ya mlimani ambayo mfumo wake wa Shimbwe Juu FAO iliutambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo duniani, maharage huota chini ya migomba na kahawa. Mahindi mengi hutoka mashamba ya tambarare.

Lakini jikoni ndiko faida inakopotea. Kukoboa huondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi na vitamini za kundi B. Mahindi yasiyokobolewa yanahitaji tu kulowekwa usiku kucha na moto wa muda mrefu zaidi. Magadi nayo hulainisha maharage haraka, ila huharibu vitamini B1. Kuyaloweka maharage na kumwaga maji yale huokoa kuni vilevile, na tumbo halijai gesi sana.

Chai je? Isubiri saa moja hivi, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye maharage. Limau au nyanya husaidia kuyafyonza.

Na kiporo kina masharti. Baridi ya Marangu, huko juu mlimani, si sawa na joto la Moshi mjini mwezi Februari, na maharage huchacha upesi. Asiye na friji apike ya kuisha usiku uleule. Yaliyochacha hayaokolewi kwa kuchemshwa, ni ya kutupa.