Persepolis: kitabu cha katuni kilipogeuka sinema

Marjane Satrapi, mzaliwa wa Iran, alikitoa kitabu chake cha katuni, Persepolis, nchini Ufaransa kwa juzuu nne, kati ya mwaka 2000 na 2003. Anasimulia utoto wake Tehran, mapinduzi ya 1979, vita na Iraq, na jinsi wazazi walivyompeleka Vienna peke yake akiwa na miaka 14. Mwaka 2007, yeye na mchoraji Vincent Paronnaud wakakigeuza kuwa sinema.

Tulidhani ni kazi nyepesi: picha si zimeshachorwa? Kumbe sivyo. Msomaji huenda kwa mwendo wake, akitaka hurudi nyuma. Sinema haimsubiri mtu. Ikabidi kila kitu kichorwe upya kwa mkono, wakati studio kubwa za Marekani zimekwisha hamia kwenye kompyuta. Weusi na weupe wa kitabu wakaubakisha.

Ila lililotugusa sisi ni walichoongeza. Kitabuni hamna. Mwanamke yupo uwanja wa ndege Paris, anatazama ubao wa safari, ndege ya Tehran ipo, naye hapandi. Anakaa, anavuta sigara, kumbukumbu zinaanza. Uwanja wa ndege una rangi, kwao hakuna. Sisi tuliowahi kusimama mbele ya ubao wa namna ile, tukasoma jina la mji wetu na saa ya ndege, kisha tukarudi na treni, hatukuhitaji kuelezwa.

Na yule bibi! Huweka asumini kifuani ili anukie. Watu wa Pwani hapo wataguna tu. Sauti yake ni ya Danielle Darrieux, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 90.

Cannes waliipa Tuzo ya Majaji mwaka 2007, Iran ililalamika. Oktoba 2011 televisheni moja ya Tunisia iliirusha kwa Kiarabu cha mitaani kwao, na kwa sababu Mungu amechorwa humo, ghasia zikazuka. Mwaka 2012 mahakama ikamtoza mwenye kituo faini ya dinari 2,400. Waandishi wenzetu mnaoilalamikia mishahara, hesabuni na hilo.

Mwishoni mwa sinema dereva wa teksi anamwuliza mwanamke yule ametoka wapi. Anamtajia Iran, uwanja wa ndege ukiwa nyuma yake. Sisi swali hilo tunaulizwa kila wiki.