Ibada Jikoni: Mama wa Kihindu na Msamiati wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mengi yaliyotoka katika lugha za Bara Hindi. Baadhi yake ni ya biashara, kama vile laki, hundi na bima. Mengine ni ya chakula, kama vile chapati, bajia na kachumbari. Lakini mtu akitafuta katika kamusi zetu maneno ya ibada yaliyotoka kwa Wahindu, ataambulia machache mno. Hata neno Baniani, ambalo asili yake ni jina la watu wa tabaka la wafanyabiashara, limegeuzwa kuwa jina la wafuasi wa dini nzima. Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" inamtazama mtu huyo kwa manufaa yake tu. Nyumbani kwake haiingii.

Makala haya yanakusudia kueleza upande huo ulioachwa gizani, yaani ibada inayofanywa nyumbani na mama mwenye kazi nyingi. Tumewakumbuka hasa wanafunzi watokao Runingu na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira, ambao wengi wao wamelelewa katika makanisa na hawajapata kuona hekalu la Kihindu. Wafanyabiashara wa asili ya Bara Hindi walifika katika eneo hili la ziwa Tanganyika, na Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, kuna mtaa uitwao wa Waasia. Lakini wengi wao walikuwa Waislamu, Waismailia wakiwamo. Kwa hiyo mifano yetu itatoka zaidi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Hoja yetu ni kwamba kwa mama huyu kazi za malezi na za jikoni hazishindani na ibada: zenyewe ndizo kielelezo chake.

2.0 Jinsi ibada ya nyumbani ilivyofika

Kwa muda mrefu wafanyabiashara Wahindu waliokuja Zanzibar walikuja bila wake zao. Wabhatia wa Kutch, ambao nyumba yao mashuhuri ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miaka mingi katika karne ya 19, walikuwa na mila iliyowazuia wanawake kuvuka bahari. Hali ilibadilika polepole. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini wenye maduka na mafundi waliofuata baadaye walileta familia. Mke alipofika, jiko lilifika, na pamoja na jiko ikafika rafu ya ibada.

Rafu hiyo ndiyo hekalu la nyumbani. Yaweza kuwa kijumba cha mbao kilichochongwa vizuri, au ubao mmoja tu ukutani juu ya mitungi ya unga. Huwekwa hapo picha au umbo la Krishna, Lakshmi, Ganesh au Amba, kitaa chenye utambi wa pamba uliochovywa katika samli, kengele ndogo, maua na vijiti vya udi. Aghalabu nje, kibarazani au uani, hupandwa tulsi, mmea wa jamii moja na mrehani na kivumbasi, ambao mama huumwagilia maji kila asubuhi.

3.0 Mwenendo wa siku

Mama huamka mapema na kuoga kabla ya kuigusa rafu. Huwasha taa, huizungusha mbele ya Mungu huku akiimba, kisha huingia jikoni. Hapa ndipo lilipo jambo la msingi. Chakula cha kwanza hakionjwi. Sehemu ndogo hutengwa katika kisahani, hutolewa mbele ya Mungu kwa muda mfupi, kisha hurudishwa na kuchanganywa na chakula cha wote. Tangu hapo chakula hicho ni prasad, chakula kilichokwisha kupokewa na kubarikiwa, na mtoto anayekimbilia shule hupewa kidogo mkononi. Tendo lote laweza kuchukua dakika kumi. Lakini kwa kuwa chakula kinapikwa ili kitolewe, basi kuosha mchele, kuchambua dengu na kukanda unga nako kumo katika ibada.

Wazo hili lina mizizi ya kale. Wabhatia na Walohana wengi ni wafuasi wa njia ya Vallabha (1479–1531), aliyefundisha kumtumikia Krishna kwa upendo ule ambao Yashoda, mama yake mlezi, alimlea nao. Krishna huamshwa, huogeshwa, huvishwa, hulishwa na kulazwa kama mtoto wa nyumba hiyo. Katika mapokeo mengi ya kidini mtawa huyaacha malezi ili asali. Katika njia hii, anayetaka kujua namna ya kusali humtazama mama anavyolea.

4.0 Muhogo siku ya mfungo

Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, iitwayo ekadashi, wengi hufunga kwa kuacha nafaka na mikunde. Viazi, matunda na mizizi huruhusiwa. Hapo ndipo muhogo ulipopata nafasi katika nyumba za Wahindu wa Afrika Mashariki. Zao lile lile linalotoa bugali ya kila siku Runingu likawa, kwa mama wa Mombasa, chakula cha mfungo, kwa sababu si nafaka. Jina nalo lilihama: Wagujarati wa huku huuita muhogo "mogo", na neno hilo wamelichukua hadi Leicester na London. Vivyo hivyo walipokea "jugu" kutoka njugu, na "sufuria", na "fagio".

Maneno hayo ni ya jikoni, na sababu yake yaeleweka. Kiswahili kilikuwa lugha ya mama huyo na mtumishi wake, na ya mama huyo na muuza mboga mlangoni. Kwa lugha hiyo alieleza kwamba sufuria hii isitiwe nyama na kwamba chakula hiki kisionjwe bado. Hivyo Kiswahili kilikuwa ndani ya ibada hiyo kila siku, ingawa hakikuandika habari zake.

5.0 Tatizo la istilahi

Tunapotaka kuieleza ibada hii kwa Kiswahili tunakutana na maneno ambayo tayari yana hukumu ndani yake. Tukiita umbo la Krishna sanamu, msomaji aliyelelewa na Biblia atasikia katazo kabla hajasikia maelezo. Mhindu hasemi kwamba shaba imekuwa Mungu. Husema kwamba Mungu amekaribishwa hapo kama mgeni. Afadhali tutumie murti na kulieleza neno hilo mara ya kwanza.

Tukiita mahali pa ibada chumba cha sala, msomaji wa Uvira atafikiria kikundi cha waumini wanaokusanyika kwa maombi na unabii, si ubao wenye taa juu ya mitungi. Nalo neno tambiko lina harufu ya mizimu, na sadaka hudokeza kitu kinachoondoka kisirudi. Linalokaribia zaidi prasad ni tabaruku, ambalo kwa Waislamu wa pwani huhusu kitu kinachopokewa kwa kutafuta baraka.

6.0 Mzigo au pumziko?

Haifai kuipamba hali hii. Katika familia nyingi ni mwanamke anayebeba kazi yote, naye, kwa mila ya kale, huzuiwa kuigusa rafu au hata kuingia jikoni siku za hedhi. Wakati huo mama mkwe, binti au mume hushika zamu. Wanawake wengi wa leo wanaihoji mila hiyo. Wengine walio maofisini wamefupisha ibada: taa asubuhi, jina la Mungu njiani, nyimbo ndefu usiku wa Navaratri tu. Dini yao haiwahukumu kwa ufupi huo, kwa kuwa jani, ua au maji kidogo yanayotolewa kwa upendo huhesabiwa kuwa sadaka kamili.

7.0 Hitimisho

Udogo wa ibada hii umekuwa pia nguvu yake. Wahindi walipofukuzwa Uganda mwaka 1972 kwa muda wa siku 90, mahekalu yalibaki. Murti na kengele viliweza kuingia katika sanduku moja. Runingu nayo inaujua uhamaji: mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa hapo ilitawanyika, na mama aliyekimbia na mtoto mgongoni alibaki na sala aliyoijua kwa moyo. Mama huyo na yule wa Kampala hawakusali sala moja. Lakini mtu anayejua kwamba sala yaweza kukaa ndani ya kazi ya mikono hatashindwa kumwelewa mwingine, iwapo sisi wenye kuandika Kiswahili tutamchagulia maneno yanayoeleza kabla ya kuhukumu.