Cheti cha chanjo kilizua mjadala mpakani

Novemba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiye na uthibitisho wa chanjo ya korona asipande matatu wala kuingia hotelini. Desemba 14 Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo.

Chanjo ni kinga, hilo hatubishi. Lakini Tanzania ilizindua chanjo yake Julai 28 mwaka huo, zaidi ya miezi minne baada ya Kenya, na dozi za kwanza hazikuzidi sana milioni moja. Mama wa vitunguu anayevukia Namanga hakuchelewesha yeye. Je, mzigo ungefika sokoni Nairobi, mwenyewe abaki mpakani? Madalali wangeshangilia.

Wakati huo alikuwa akisubiri uamuzi wa kesi, na vitunguu havisubiri.