Maji ya Kunywa, Vumbi la Kutayamamu

Tulitoka Enguserosambu, kwenye misitu ya Loliondo, tukiteremka kwa miguu kuelekea Ziwa Natron. Siku ya pili, katika uwanda mkavu wa Salei, upepo wa vumbi ukatufumba macho na dumu moja likapasuka. Zikabaki lita tatu kwa watu watano. Kosa letu, tulibeba machache. Na ziwa lililokuwa mbele ni la magadi, maji yake hayanyweki.

Adhuhuri ilipoingia, mzee wetu alishika dumu ili atawadhe.

“Mzee wetu,” tukamkumbusha kwa adabu, “mwenye kuchelea kiu ameruhusiwa kutayamamu.”

Alinyamaza kitambo, kisha akapiga viganja katika vumbi lile lile tulilolilalamikia tangu asubuhi. Tukaswali nyuma yake.

Kabla ya Alasiri, mdogo wetu alianguka kwa joto. Maji yale ndiyo aliyonyweshwa.